Misingi ya Historia ya Sanaa: Kumbukumbu za Mwaka wa Kwanza Chuoni

Historia ya sanaa ni somo la kutazama. Kinachotazamwa ni picha, sanamu, jengo, kaburi, mlango au chombo chochote kilichotoka mikononi mwa mtu, na kinachotafutwa ni majibu ya maswali machache: kimetengenezwa kwa kitu gani na kwa njia gani, lini, wapi, na nani, kwa ajili ya nani, na watu wake walikielewaje. Maswali hayo huonekana mepesi mpaka mwanafunzi akalishwe mbele ya kitu kimoja na kutakiwa akae nacho nusu saa bila kufungua kitabu. Kumbukumbu hizi zinatoka katika kozi ya utangulizi ya mwaka wa kwanza iliyofundishwa jijini Dar es Salaam, kwa vijana ambao wengi wao hawakuwahi kusoma sanaa sekondari. Waliingia darasani wakitarajia orodha ya wachoraji mashuhuri na tarehe za kukariri. Majina na tarehe vilikuja, ila vilikuja baadaye, baada ya macho kufanyishwa kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kueleza. Mwanafunzi alionyeshwa picha, akatakiwa aandike ukurasa mmoja wa kile anachokiona tu, bila kusema kama ni nzuri au mbaya, na bila kutaja maana yake. Maneno kama "inavutia", "ya kisasa" na "inaonyesha mateso" yalikatwa kwa kalamu nyekundu. Kilichopewa alama ni mambo ambayo mtu mwingine angeweza kuyahakiki kwa macho yake: mistari inaelekea wapi, umbo kubwa liko upande gani, mwanga unatoka wapi, rangi ipi imetawala, kipi kiko mbele na kipi nyuma, jicho linaingilia wapi na linatulia wapi. Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita walikuwa wametangulia kidogo. Walishazoea kuchambua shairi kwa fani na maudhui, na walijua kwamba anayeruka fani hufika kwenye maudhui akiwa mikono mitupu. Ugumu wao ulikuwa mmoja: shairi lina ubeti wa kwanza na wa mwisho, lakini picha huja yote kwa mara moja, na mtazamaji ndiye anayeamua aanzie wapi.

Picha iliyotumika katika wiki za mwanzo ni ile ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, iliyopo National Gallery, London. Mwanamume na mwanamke wamesimama chumbani, mkono katika mkono. Kuna mbwa mdogo miguuni, viatu vilivyovuliwa, machungwa karibu na dirisha, na taa ya shaba inayoning'inia yenye mshumaa mmoja unaowaka mchana kweupe. Ukutani nyuma yao kuna kioo cha duara, na ndani ya kioo hicho inaonekana migongo ya wale wawili pamoja na watu wengine wawili mlangoni. Juu ya kioo, kwa Kilatini, mchoraji ameandika kwamba alikuwapo hapo, na kutaja mwaka. Darasa karibu zima liliandika kwamba mwanamke yule ni mjamzito. Mhadhiri aliuliza swali moja tu: jicho limeona nini hasa? Limeona gauni zito lenye kitambaa kingi kilichokusanywa na kushikwa mbele ya tumbo, na hayo yalikuwa mavazi ya wanawake wenye uwezo wa zama zile. Mimba ilikuwa imeongezwa na watazamaji. Somo hilo moja, la kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa, lina uzito kuliko sura nyingi za vitabu vya utangulizi.

Kisha likaja suala la ukubwa, ambalo kozi nyingi hulipita haraka mno. Projekta hukifanya kila kitu kiwe na kimo kimoja. Mona Lisa ya Leonardo da Vinci ina urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53 tu, na imechorwa kwenye ubao, wala si kwenye turubai. Guernica, ambayo Pablo Picasso aliichora mwaka 1937 baada ya ndege za kivita kuushambulia kwa mabomu mji wa Guernica huko Uhispania, ina urefu wa karibu mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8. Darasani zote mbili zilijaza ukuta uleule. Basi siku moja mhadhara ulihamia nje, kwenye sakafu ya saruji, na wanafunzi wakaambiwa wazipime picha hizo kwa futi kamba na kuchora mipaka yake kwa chaki. Mona Lisa ikawa kitu ambacho mtu mmoja angekikwapua na kukimbia nacho, na kweli iliibwa katika jumba la Louvre mwaka 1911 na mtu mmoja. Guernica ikachukua darasa zima limesimama ndani yake na nafasi ikabaki. Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika juu ya picha bila kutaja vipimo vyake.

Rangi nazo zilikuwa na mtihani wake. Madesa yalirudufiwa kwa fotokopi, na fotokopi hazikuwa na rangi. Guernica haikupoteza sana, kwa kuwa Picasso mwenyewe aliichora kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Lakini ile picha ya Henri Matisse ya mwaka 1905, ya mwanamke aliyevaa kofia kubwa, ambayo iliwashtua watazamaji wa Paris kwa sababu ya kijani kilichopakwa usoni, ilibaki sura ya kawaida yenye madoa. Aliyeisoma kwenye fotokopi pekee hakuweza kuelewa ghadhabu ile ilitoka wapi. Nakala ya kazi ya sanaa si kazi yenyewe, na mwanafunzi lazima ajue nakala aliyonayo imemnyima nini.

Hapo ndipo vitu vya karibu vilipoanza kulipa. Kinyago cha mpingo kilipitishwa darasani mkono kwa mkono, na kila aliyekipokea aliinamisha mikono kwa uzito asioutarajia. Mpingo ni mti mgumu na mzito, wenye kiini cheusi na ganda la nje la rangi hafifu. Mchongaji wa Kimakonde anayeacha ukanda wa ganda lile kwenye sanamu ameamua hivyo, na anayefuata mpindo wa gogo amekubaliana na mti. Barakoa za mapiko, kwa upande mwingine, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa huvaliwa kichwani na mtu anayecheza ngoma. Matumizi yamechagua malighafi. Vivyo hivyo kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Alitumia mbao nyembamba zilizokandamizwa kiwandani, zilizokatwa miraba, na rangi za mafuta za kung'aa, zile zilizopakwa baiskeli. Ule mng'ao, zile rangi zisizochanganyika na mipaka mikali ya maumbo havielezeki bila kopo la rangi lililokuwa mkononi mwake. Miaka yake ya uchoraji haikufika hata mitano, lakini mtindo aliouacha bado unawalisha watu mjini.

Baada ya kueleza kitu kimoja, mwanafunzi alifundishwa kulinganisha viwili. Njia hii ina historia yake: Heinrich Wölfflin, mwanazuoni wa Uswisi aliyechapisha kitabu chake cha misingi ya historia ya sanaa mwaka 1915, aliifanya kuwa mazoea ya vyuo kuonyesha picha mbili kwa pamoja na kuuliza zinatofautiana kwa lipi. Darasa liliwekewa upande mmoja picha kutoka kaburi la Nebamun, ofisa wa Misri ya kale aliyeishi karibu miaka 1350 kabla ya Kristo, na upande wa pili Utatu Mtakatifu wa Masaccio, uliochorwa ukutani katika kanisa la Santa Maria Novella, Florence, karibu mwaka 1427. Katika bustani ya Nebamun bwawa limeonyeshwa kutoka juu, lakini samaki na bata waliomo wameonyeshwa kwa ubavu, na miti imelala kuelekea pande mbalimbali. Katika kazi ya Masaccio mistari yote ya dari inakutana mahali pamoja, sawa na kimo cha macho ya mtu aliyesimama sakafuni.

Jibu la haraka la wengi lilikuwa kwamba Mmisri hakujua kuchora na Mwitaliano alijua. Jibu hilo lilichukua wiki kadhaa kung'olewa, na lilistahili muda huo. Wachoraji wa Misri walipanga mwili wa mtu aliyesimama kwa gridi ya miraba 18 kutoka nyayo hadi paji la uso, na wakashika kanuni hiyo kwa karne nyingi. Watu wenye nidhamu ya namna hiyo hawakukosa ufundi. Walitaka kila kitu kionekane kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi, kwa sababu picha ile ilikuwa ya kumhudumia marehemu milele, na bwawa lililofichwa nusu lisingemfaa. Masaccio alikuwa na haja nyingine: kumsimamisha muumini mahali maalumu mbele ya msalaba. Kila kanuni ilijibu haja yake.

Aliyelielewa hilo aliweza kumsoma Sam Ntiro bila kumdhalilisha. Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937, kisha akaendelea katika shule ya Slade, London. Picha zake za maisha ya Uchaggani zina watu wengi wadogo walioenea miteremkoni, migomba, kazi za pamoja, na hazina ule mtazamo wa kina wa Kiitalia. Wapo waliomwita mchoraji wa kitoto. Lakini mtu aliyepita Slade alikuwa amefundishwa kuchora kwa mtazamo huo. Aliuacha kwa hiari, kwa kuwa alichotaka kuonyesha ni kijiji chote kikifanya kazi, pasi na mtu mmoja kuwaziba wenzake. Jumba la Museum of Modern Art la New York lina picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Kumsoma Ntiro baada ya Nebamun na Masaccio ndiko kulikofanya darasa lielewe kwa nini kozi ilianzia mbali kiasi kile.

Tarehe zilifundishwa kama hoja inayohitaji ushahidi. Katika majabali ya Kolo, wilayani Kondoa, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006 pamoja na mapango mengine zaidi ya 150 ya eneo hilo, kuna michoro ya rangi nyekundu ya watu warefu wembamba na wanyama, na kuna michoro mizito ya rangi nyeupe. Mary Leakey aliinakili mingi katika mwaka 1951. Umri wake kwa miaka bado unabishaniwa, lakini mpangilio wake unaonekana kwa macho: palipo na nyeupe juu ya nyekundu, nyeupe imekuja baadaye. Hiyo ni tarehe isiyo na mwaka, na ni tarehe halali.

Ziara ya magofu ya Kunduchi iliongeza kanuni nyingine. Makaburi ya nguzo ya pwani yalipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa ingali mbichi. Nyingi zimeng'olewa na kuacha mashimo ya duara, lakini mantiki yake imebaki: kaburi haliwezi kuwa la zamani kuliko chombo kilichopachikwa ndani yake, ingawa linaweza kuwa la baadaye sana, kwa kuwa familia huweza kutunza sahani nzuri kwa vizazi. Kwa hiyo sahani huweka mpaka wa upande mmoja tu. Bahati kubwa ni pale maandishi yanapokuwapo, kama kwenye kaburi la Gedi, kusini mwa Malindi, lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hata hivyo maandishi nayo huhitaji tahadhari. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi kwenye kibla ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana ilijengwa upya katika karne ya 18. Tarehe ya kibla haikuwa tarehe ya kuta zote.

Maana ndiyo ilifundishwa mwisho, na ndiyo iliyozua ubishi mkali zaidi. Erwin Panofsky, mwanazuoni wa Kijerumani aliyekimbilia Marekani, alieleza mwaka 1939 ngazi tatu za kuisoma kazi ya sanaa: kutambua umbo, kutambua jambo ambalo jamii imelikubali kuwa linawakilishwa na umbo hilo, na kufikia mawazo ya zama yaliyoizaa kazi yenyewe. Darasa liliijaribu njia hiyo kwa sura ya mwanamke wa Kimakonde. Kwenye ngazi ya kwanza mtazamaji anaona kisahani kilichochomoza kwenye mdomo wa juu na mistari mashavuni. Kwenye ngazi ya pili, anayewafahamu Wamakonde anajua kwamba ile ni ndonya, pambo la wanawake, na ile mistari ni chale. Kwenye ngazi ya tatu inabidi kuuliza kama sura hiyo ilichongwa kwa ajili ya ngoma ya jando au kwa ajili ya mgeni anayenunua zawadi mjini, kwa kuwa ndonya ileile ina kazi tofauti katika mahali hapo pawili. Ngazi ya pili haifikiki kwa kutazama peke yake. Hapo lazima kuwauliza wenyewe.

Panofsky mwenyewe alitoa somo la kuonya. Mwaka 1934 aliandika kwamba ile picha ya van Eyck ni hati ya ndoa, na kwamba mbwa, viatu na mshumaa vyote ni ishara. Watafiti waliofuata wamelipinga dai hilo kwa hoja nzito. Ubishi wa aina hiyo upo Unguja na Lamu pia, ambako watembezaji wa wageni husema mnyororo uliochongwa kwenye fremu ya mlango unamaanisha mwenye nyumba aliuza watumwa, na samaki ni mvuvi au uzao mwingi. Huenda baadhi ni kweli. Lakini mwanafunzi alifundishwa kuomba ushahidi: ni fundi gani alisema hivyo, ni hati ipi ya nyumba inayoonyesha biashara ya mwenyewe, na je, milango ya watu wasiohusika na biashara hiyo haina mnyororo? Pasipo majibu, fundi na mwenye nyumba wanasingiziwa.

Swali la nani aliyetengeneza lina uchungu wake. Giorgio Vasari alichapisha maisha ya wasanii wa Italia mwaka 1550, na tangu hapo historia ya sanaa ya Ulaya imezunguka majina. Kazi za Afrika ziliingia majumba ya makumbusho zikiwa na jina la kabila tu. Frans Olbrechts, Mbelgiji, alivunja mazoea hayo miaka ya 1930 alipotumia njia ileile ya kutambua mkono wa fundi kwa Michelangelo au Giotto akaonyesha kwamba sanamu kadhaa za eneo la Waluba na Wahemba, mashariki mwa Kongo, zenye nyuso ndefu zilizojaa majonzi, zilitoka kwenye karakana moja. Alimwita fundi huyo Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji. Baadaye watafiti walipata huko jina la Ngongo ya Chintu. Palipotazamwa kwa dharau, matokeo yalikuwa kinyume. Leo Frobenius alipoziona sanamu za Ife mwaka 1910 alizihusisha na Atlantis. Magofu ya Zimbabwe yalisemwa ni ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, ingawa David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kwa uchimbaji kwamba yalijengwa na Waafrika. Humo humo ilipatikana sarafu ya Kilwa ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, wa karne ya 14, anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa. Ushahidi ulikuwapo, kilichokosekana ni utayari wa kuuona.

Insha ya mwisho ilikuwa na sharti moja: kila mwanafunzi achague kitu anachoweza kukifikia kwa daladala. Iliyofanyika vizuri kuliko zote ilihusu sanamu ya Askari iliyopo katikati ya jiji, ambayo maelfu huipita kila siku. Sanamu hiyo ya shaba ni kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka 1927. Ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari mmoja anasonga mbele na bunduki yenye singe, mwili umeinama, na mstari wa bunduki unaongoza jicho kuelekea bandarini. Maandishi ya chini yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawakumbuka pia wapagazi. Lakini juu ya nguzo hakuna mpagazi. Sanamu nyingine ya Stevenson, iliyopo Nairobi, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi asiye na silaha. Ulinganisho huo peke yake ulitosha kuzaa insha: mchongaji mmoja, vita vilevile, na uamuzi tofauti kuhusu nani aonekane. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu.

Idara zinazofundisha kozi ya namna hii zina wajibu wa kuutanguliza usafiri mfupi kuliko projekta. Nauli ya kufika Kunduchi au Makumbusho ya Taifa ni ndogo, Bagamoyo haiko mbali, na Kolo inafikika kwa basi. Wanafunzi wapelekwe huko katika wiki ya kwanza, wakiwa na daftari na futi kamba, kabla hawajaonyeshwa slaidi hata moja ya Florence.